Pesa za marehemu benki, hisa na M-Pesa: tuanzie wapi?

Mwana_Majengo
Salaam alaikum wana jamvi. Naomba msaada kwa anayeijua njia hii. Mzee alifariki 2017 hapa Mombasa, hakuacha wasia. Warithi ni mjane, wanaume wawili na wanawake watatu. Kitinda mimba ana miaka 15. Kwenye mkoba wake mna kitabu cha benki cha zamani, cheti cha hisa cha karatasi na laini ya simu yenye M-Pesa. Benki yasema akaunti hiyo haiko kwao tena. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed Ali, kitabu cha benki Muhammad Aly. Tuanzie kwa chifu, kwa kadhi au UFAA, ile mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa? Kuna mtu pia anatutumia ujumbe kwamba atatufuatilia kwa asilimia 20. Anafaa?

Karani_wa_Leja
Alaikum salaam. Poleni kwa msiba.

Akaunti kutokuwepo benki si kwamba pesa zimeliwa. Chini ya sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya 2011, akaunti isiyoguswa na mwenyewe kwa miaka 5 hupelekwa UFAA. Gawio la hisa ni miaka 3. Neno "mwenyewe" lina uzito: makato ya benki na faida inayojiingiza hayahesabiki, ni mpaka mteja aweke, atoe au aandike barua. Kwa hiyo akaunti aliyoigusa mara ya mwisho 2017 ilitimiza muda 2022. Benki hufunga hesabu ya mali hizo kila tarehe 30 Juni na kuziwasilisha kabla ya 1 Novemba.

Tafuta kwanza, kabla hujalipia karatasi yoyote. Piga *361#, au nenda Huduma Centre, pale Posta Kuu Digo Road. Tumia nambari ya kitambulisho cha marehemu, kisha urudie kwa jina, tahajia moja baada ya nyingine: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Ali, Aly. Mtu akifungua akaunti kwa pasipoti au kipande cha zamani, nambari ya kitambulisho kipya haitaleta kitu.

Halafu iandikieni benki barua, si kuuliza kwa mdomo. Ulizeni mambo mawili: akaunti ilipelekwa mwaka gani, na kwa jina lililoandikwaje. Hilo la pili ndilo linalookoa miezi, kwa sababu UFAA hulisoma jina kama benki ilivyolipeleka. Jina hilo, herufi kwa herufi, ndilo liingie kwenye kiapo cha majina mtakachoapa mbele ya kamishna wa viapo, kwamba Mohamed Ali na Muhammad Aly ni mtu mmoja. Kiapo chenye tahajia ya tatu ambayo haiko popote huongeza matatizo badala ya kuyapunguza.

Kuhusu cheti cha hisa, nambari ya cheti na idadi ya hisa zipelekeni kwa msajili wa hisa wa kampuni ile. Hisa zenyewe huenda bado ziko kwao ilhali gawio la miaka ya nyuma limeshakwenda UFAA. Hayo ni madai mawili tofauti.

Bi_Sheria_Tudor
Naongeza upande wa mahakama, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kama mzee alizikwa kwa kibali tu, anzeni kwa msajili wa vizazi na vifo. Kisha barua ya chifu inayowataja warithi wote. Wote! Binti aliyeolewa Lamu au Oman naye aandikwe. Akiachwa, ana haki ya kupinga na kesi irudi mwanzo.

Nyinyi ni Waislamu, mkikubaliana nyote mnaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, yaipa mamlaka juu ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia. Wakati mwingine familia hurudi na karatasi ya mgao tu. Hakikisheni amri inamtaja msimamizi wa mirathi kwa jina na nambari ya kitambulisho, na inaitaja mali yenyewe. Kwa kuwa kuna mtoto wa miaka 15, wekeni wasimamizi wawili au zaidi. Sheria hairuhusu kupita wanne.

Mkienda kwa hakimu, ni fomu P&A 80 ya kuomba usimamizi wa mirathi, kiapo P&A 5, na P&A 38 ambayo warithi wengine hutia sahihi ya ridhaa. Tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali na watu hupewa siku 30 kupinga. Hati ya usimamizi ikitoka bado si mwisho: kuithibitisha, kwa kawaida, husubiri miezi 6. Ndiyo maana nasisitiza utafutaji utangulie. Mkithibitisha leo na mkagundua akaunti nyingine mwezi ujao, mtarudi mahakamani kuomba iongezwe.

Asilimia 20, hapana. Dai la UFAA halilipiwi. Na anayetaka ada kabla ya malipo, au nakala ya kitambulisho kwa WhatsApp, msimjibu.

Mwana_Majengo
Shukran sana dadangu. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeandikwa benki kuwa jamaa wa karibu, naye anasema pesa ni zake. Na je, M-Pesa tukiitoa kwa PIN anayoijua mama?

Bi_Sheria_Tudor
Jamaa wa karibu kwenye fomu ya benki ni mtu wa kujulishwa, si mrithi. Tofauti ni sacco na pensheni: kule huwa kuna mtu aliyeteuliwa kwenye fomu, na malipo humwendea yeye au hupitia wadhamini wa mfuko. Angalieni kama mzee alikuwa na mojawapo.

PIN iacheni. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata shilingi 3,000 za matanga zinaweza kugeuzwa silaha na huyo ami mkigombana. Nendeni kwenye duka la kampuni ya simu na cheti cha kifo, waifungie laini, kisha salio liingie kwenye orodha ya mali.

Karani_wa_Leja
Mkishalipwa, mgao ni huu. Tuseme baada ya gharama za mazishi na madeni zimebaki 480,000. Mjane thumni, yaani moja ya nane, 60,000. Zinabaki 420,000, na mwanamume huchukua mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo mafungu 7: kila mwanamume 120,000, kila binti 60,000. Mama mzazi wa marehemu akiwa hai, sudusi yake, yaani moja ya sita, hutoka kwanza pamoja na thumni ya mjane, na hesabu yote hubadilika. Yu hai bibi?