Kasino ya Marina Bay Sands, Singapore: nguo gani, na pasipoti ni lazima?

Mzigo_Kariakoo: Wakuu, salaam. Mwezi ujao tuko Singapore siku nne kwa mambo ya mzigo, na jioni moja tunataka kupita kasino. Tutakuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa miaka 20, na mwenyeji wetu mwenye ukaazi wa kudumu kule. Suti inatakiwa? Na pasipoti naweza kuiacha hotelini nikaenda na picha yake kwenye simu?

Nahodha: Mkuu, suti acha nyumbani. Suruali ndefu, shati au fulana yenye mikono, viatu vya kufunika vidole, umemaliza. Wanaorudishwa ni wa kandambili, singlendi na nguo za ufukweni, maana hoteli ile ina bwawa juu ghorofa ya 57 na watu hujisahau wakashuka walivyo. Miwani ya jua utavuliwa mlangoni, kamera zinataka kuona uso.

Shida kubwa iko kwenye hati. Beba pasipoti yenyewe. Kopi au picha ya simu haikupitishi. Na dogo asahau. Bongo 18 inatosha, Singapore ni 21 kamili. Usijaribu kumbembeleza mlinzi: kijana akipenya, kasino yenyewe inaadhibiwa.

Bibi_Hesabu: Mwenyeji hamjamgusa, na ndiye mwenye gharama. Ninyi wageni mnaingia bure. Raia na wakaazi wa kudumu wanapita mlango wao na kulipa dola 150 za Singapore kwa saa 24, au 3,000 kwa mwaka. (Hadi Aprili 2019 ilikuwa 100 na 2,000.) Sheria inaikataza kasino kumrudishia hela hiyo, hata aliwe mpaka senti ya mwisho.

Saa hizo ni za mfululizo. Akiingia saa mbili usiku, akatoka kula, akarudi, haliongezeki kitu, lakini kesho saa mbili usiku ikimkuta ndani hajalipia upya, ni kosa. Malipo hayo pia hayamwingizi kasino ya pili, ile ya Resorts World Sentosa. Halafu mwulize kwa upole: familia yake haijamwombea zuio? Kule mke anaweza kuomba mumewe afungiwe kasino, na jina likiwa kwenye orodha ya waliozuiwa, ile dola 150 yake haimsaidii.

Nahodha: Nyongeza: ATM hazipo ndani, sheria imezikataza, kwa hiyo toa hela kabla. Ukiingia na taslimu zaidi ya dola 20,000 za kwao, ni lazima uzitamke. Na picha usipige kabisa kwenye meza.

Mzigo_Kariakoo: Shukrani. Dogo je, akae wapi?

Bibi_Hesabu: Maduka na migahawa ya The Shoppes iko palepale Marina Bay Sands. Huko umri hauulizwi.