Midomo minene, ngozi ya kijivu: acheni kuwatetea wachora anime

Wakuu, kila ikitoka anime (katuni ya Kijapani) yenye mhusika mweusi aliyechorwa kama kikaragosi, watetezi hawakawii kujaa: eti Wajapani hawajazoea watu weusi, eti ndio mtindo wao. Huo ni uongo na inatosha sasa.

Machi 1854 mabaharia wa Commodore Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, waliwafanyia maofisa wa Japani onyesho melini: Wazungu waliojipaka nyuso weusi wakiwadhihaki watumwa wa Marekani. Mwaka 1960 mwanasesere Dakko-chan, mweusi tii mwenye midomo ya kutokeza, aligombaniwa madukani. Mwaka 1988 malalamiko yalikuwa makubwa hadi wachapishaji wa Japani wakaondoa sokoni vitabu vya Sambo, hadithi za watoto zenye mtoto mweusi aliyechorwa kwa dhihaka, na baadaye manga (vitabu vya katuni) za Tezuka, mchoraji mashuhuri wa Japani, zikaanza kutoka na maelezo kuhusu picha za Waafrika. Kwa hiyo wameambiwa, tena zaidi ya miaka 30.

Na marekebisho yenyewe yalikuwaje? Mr. Popo wa Dragon Ball, mtumishi mweusi mwenye kilemba, alipakwa bluu kwenye televisheni moja Marekani. Jynx wa Pokémon, kiumbe mwenye uso mweusi na midomo minene, akageuzwa zambarau. Midomo ikabaki na umbo lile lile! Kosa lilikuwa dhihaka, wao wakafuta weusi.

Sasa tuje kwenye meza ya kuchorea, maana hapo ndipo kisingizio cha "mtindo" kinapokufa. Anime ya televisheni kwa kawaida humpa mhusika rangi mbili za ngozi, ya msingi na ya kivuli, na pengine mng'ao. Mhusika mweupe huchaguliwa kivuli chenye joto, cha waridi au chungwa. Mweusi anachukuliwa rangi ya msingi, inaongezwa nyeusi, basi. Matokeo yake ngozi inakuwa ya kijivu kama saruji. Ngozi nyeusi inataka kivuli cha kahawia yenye wekundu, au kinachoelekea bluu usiku, na mng'ao wa wazi kwenye paji la uso, mashavu na mgongo wa pua. Ukiuacha mng'ao, uso unakuwa bapa.

Mistari nayo: mstari mweusi juu ya kahawia nzito hauonekani, macho na meno yanabaki yanaelea. Dawa ni mstari wa rangi, na studio zinautumia kila siku kwenye nywele na mwanga. Viganja kuwa na rangi moja na mgongo wa mkono, hapo nakubali kuna gharama, kwa sababu mpaka wa rangi lazima uchorwe kila mkono unapofunguka na mchoraji wa picha za katikati (zinazojaza mwendo kati ya picha kuu) aufuate bila kuruka. Lakini midomo haina gharama yoyote. Mtazameni Sister Krone, mlezi mweusi katika anime ya The Promised Neverland: watoto anaowalea mdomo wao ni mstari mmoja, wake umezungushiwa mstari na kujazwa. Huo ni wino ulioongezwa kwa makusudi.

Upande wa pili ni kufuta kabisa. Januari 2019 tangazo la Nissin, kampuni ya tambi, lilimchora Naomi Osaka, mcheza tenisi wa Japani ambaye baba yake ni Mhaiti, akiwa mweupe, likaondolewa kwa kuomba radhi. Juni 2020 NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, nao wakaondoa katuni yao kuhusu maandamano ya Marekani, iliyojaa watu weusi wenye misuli na hasira.

Wakitaka wanaweza. Anime ya Nadia ilionyeshwa NHK hiyo hiyo mwaka 1990, msichana wa kahawia mwenye uso wa binadamu. Michiko to Hatchin, 2008. Carole & Tuesday, 2019. Zote zimetoka Japani.

Mnaoandikia studio na wasambazaji, msiishie kwenye neno "ubaguzi", watalipita. Wekeni picha mbili za tukio moja chini ya mwanga mmoja, mweusi na mweupe, mtaje kipande na dakika, kisha mwulize kivuli, mstari na midomo vimetofautiana kwa sababu gani. Mwenye picha za namna hiyo azitupie hapa chini.