Tupeane uzoefu: kumfuata mnyama mkubwa uliyemjeruhi, na vifaa vilivyokufaa

Nyayo Mbichi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wawindaji tukikutana, mazungumzo huishia kwenye urefu wa pembe na picha. Ni nadra mtu kusimulia yanayofuata pale bunduki inapolia, mnyama anayumba, kisha anaingia kichakani akiwa bado hai. Naamini mwindaji hupimwa hapo. Kulenga shabaha hufundishika uwanjani. Kumfuata nyati mwenye risasi mwilini ni jambo jingine kabisa. Naomba wenye vibali na waliokwisha kupita huko waseme: ulimfuata mnyama gani, ishara zipi zilikuongoza, na kifaa kipi ulichobeba kilikufaa. Naanza mimi.

Alikuwa dume mzee, katika wale wanaojitenga na kundi kubwa wakatembea wawili watatu. Tulimfuata tangu alfajiri, upepo ukitupiga usoni, hadi akasimama ubavu. Nililenga inavyotakiwa: unaupandisha macho mguu wa mbele mpaka theluthi ya chini ya kifua, kwa sababu moyo wa nyati uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani. Tulisikia risasi ikigonga mwili. Akayumba, kisha akaondoka mbio.

Mwindaji bingwa aliyetuongoza akatukalisha. Nikajaza bunduki pale pale, tukangoja nusu saa tukisikiliza. Nyati anapokata roho mara nyingi hutoa mlio mrefu, mzito, na ukiusikia unajua kazi imekwisha. Hatukuusikia. Pale aliposimama tulikuta damu ya waridi yenye povu, imepaka majani usawa wa kiuno. Povu ni pafu. Na damu ikiwa juu namna ile, imetoka ubavuni. Ya mguuni ungeikuta chini.

Aliyenifundisha zaidi siku ile ni mzee mfuata nyayo. Tulipoingia kwenye kichaka kizito hakukaza tena macho ardhini. Aliutazama unyayo mmoja, kisha akaangalia kulia na kushoto, mbali, akitafuta sikio, ncha ya pembe, au mstari uliolala mahali ambapo matawi yote yamesimama. Nyati aliyejeruhiwa ana desturi ya kupita mbele, kuzunguka, na kurudi kusimama kando ya njia yake mwenyewe akiwangoja wanaomfuata. Ndivyo alivyofanya huyu. Alikuwa kushoto kwetu, kichwa kimeinama. Mzee alimwona kwanza, akashuka taratibu akanipisha, na risasi mbili zaidi zikamlaza. Ule mlio tukausikia ndipo.

Nilikuwa na bunduki ya kaliba (upana wa risasi kwa inchi) ya .375 H&H. Sioni haja ya kuibadilisha.

Fundi Mtutu

Mkuu Nyayo, uzi umekuja wakati wake. Mimi nishughulike na bunduki, maana ndizo ninazozishika kila siku.

Hiyo .375 ilitolewa na kampuni ya bunduki ya Holland & Holland mwaka 1912, na mpaka leo nchi kadhaa zinaihesabu kuwa kaliba ya chini kabisa kwa nyati na tembo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 na nusu hivi, inatoka mtutuni kwa mwendo unaokaribia mita 770 kwa sekunde. Kuna .416 Rigby ya mwaka 1911, risasi ya gramu 26. Kuna .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, risasi ya gramu 32. Zote zinaua. Lakini watu wanaponiuliza ipi bora, nami huwauliza: ipi unaweza kuipiga mara ya pili bila bega kukuogopesha? Bunduki nzito inayokufanya ufumbe macho kabla haijalia itakupa nyati aliyejeruhiwa, hata ingekuwa na nguvu kiasi gani.

Jambo la pili ni namna inavyolisha risasi. Kwenye mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, ukucha wa boliti (chuma unachovuta kuingiza risasi) huishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka inapoingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, na haiiachi hadi ganda litolewe. Ukiwa umeinama au umeegemea mti, mnyama anakuja, hiyo ndiyo salama yako. Kabla ya safari, jaribu kulisha na kutoa magazini nzima kwa haraka, kwa risasi zilezile utakazobeba, ukiwa uwanja wa shabaha.

Tatu, risasi yenyewe. Kwa nyati wengi wetu hutanguliza inayofumuka, yaani inayopanuka ikigonga mwili, lakini haivunjiki vipande, chini yake tunaweka ngumu isiyofumuka. Risasi ya kwanza ina nafasi nzuri ya ubavu. Zinazofuata huwa kwa mnyama anayekimbia akikupa mgongo, na hapo unahitaji kitu kitakachopenya mwili mzima kifike mbele.

Jicho la Ukame

Mkuu Fundi, na darubini ya juu ya bunduki? Kuna wanaosema kwa wanyama hatari uwinde kwa macho tu.

Fundi Mtutu

Macho yako yakiwa ya kijana na umbali uko chini ya mita 40, sawa. Wengi wetu tunaona vizuri zaidi kwa darubini ndogo inayoanzia mara moja na kuishia mara nne au sita. Ukiiweka kwenye moja unapiga macho yote mawili yakiwa wazi, na unaona pengo kati ya matawi ambalo macho matupu hayalioni. Risasi nyingine zinazomjeruhi mnyama huwa zimegonga kijiti kwanza, mpigaji asikione. Chagua yenye nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya jicho na lenzi, na mshikio unaofunguka kwa mkono ili uiondoe unapoingia kichaka kizito. Ukiirudisha, ihakiki tena kwenye shabaha.

Mama wa Nyika

Habari za humu ndani. Naleta ya pofu, yule swala mkubwa, kwa sababu wanyama wasio hatari nao huteseka, na tunawasahau.

Mwenzangu alimpiga dume jioni. Pofu akajikunja mgongo, akaondoka kwa kutembea tu. Kujikunja namna ile ni dalili kwamba risasi imeingia tumboni. Tulipofika tulikuta damu kidogo, imechanganyika na majimaji ya kijani na vipande vya majani yaliyotafunwa. Vijana walitaka kumkimbilia. Mimi nilikataa, na nashukuru walinisikiliza. Mnyama wa tumbo akisukumwa anakwenda umbali mrefu bila kudondosha damu, na nyayo zake huchanganyika na za wengine. Akiachwa, hulala karibu. Tulifunga karatasi nyeupe pale kwenye damu ya mwisho, tukarudi. Alfajiri tulimkuta amelala mwendo mfupi kutoka kwenye ile karatasi, akainuka, akapigwa.

Usiku ule sikupata usingizi nikifikiri anavyoumia. Lakini kumfukuza gizani kungempa maumivu ya siku kadhaa, na huenda tusingempata kamwe.

Kifaa changu ni darubini ya mkononi, na hapa nina ubishi kidogo na wanaonunua yenye kukuza sana. Nabeba ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata duara la mwanga la zaidi ya milimita 5 linaloingia jichoni. Ya 10x42 inakupa milimita 4 na kidogo. Mchana huoni tofauti. Alfajiri na magharibi, wakati wanyama wanapotembea, tofauti ipo, na mkono ukitetemeka kwa kuchoka ile ya 8 hutulia zaidi. Kwenye ufuatiliaji natumia darubini hata mita 30 mbele yangu, kutazama ndani ya kichaka tawi kwa tawi.

Na nguo: pamba au sufu. Nailoni ikikwaruzwa na mwiba inasikika mbali. Kuhusu rangi msihangaike sana, wanyama wa jamii ya swala na paa hawatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, ila buluu wanaiona vizuri sana. Ndiyo maana nchi nyingine zinawavisha wawindaji vizibao vya rangi ya chungwa iliyokolea na bado wanapata windo.

Kamba Ndefu

Mama, umenena. Naongezea kitu kimoja: mbwa. Niliwahi kushiriki kumtafuta nguruwe mwitu aliyepigwa usiku, msitu mnene, damu haionekani kabisa. Mbwa aliyefundishwa kufuata harufu ya mnyama aliyejeruhiwa alifungwa kamba ndefu, akaanzia pale mnyama aliposimama, akaenda kichwa chini bila kubweka, akavuka njia za nguruwe wazima bila kuzijali. Ujerumani na nchi jirani kazi hii ina mbwa wa koo maalumu. Mahali sheria inaporuhusu, kabla hujapiga uwe unajua mbwa atatoka wapi.

Pembe Mbili

Tembo hajatajwa. Nilikuwa msaidizi katika uwindaji halali wa tembo, sikupiga mimi.

Watu huona kichwa kikubwa wakadhani shabaha ni kubwa. Ubongo wa tembo una uzito wa kilo 5 hivi, umekaa nyuma na chini, na mbele yake kuna mfupa mwingi wenye matundu kama sega la nyuki. Kwa ubavu unatafuta mstari kati ya jicho na tundu la sikio, karibu zaidi na sikio. Kwa mbele mambo hubadilika kila anapoinua au kuinamisha kichwa. Kama huwezi kuuona ubongo akilini mwako kutoka pembe uliyosimama, lenga moyo na mapafu.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe za ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Jina lake hutumiwa sana kutetea kaliba ndogo. Wanaolitumia waseme na upande wa pili: alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alifanya mazoezi ya kulenga kila siku hata bila risasi. Na idadi kama ile leo hakuna anayepaswa kuitamani.

Nilichokiona siku ile: tembo akipigwa ubongoni miguu ya nyuma inakatika kwanza na kichwa kinarushwa juu. Kichwa kikishuka kwanza, huenda amezimia tu na ataamka. Mwongozaji wetu aliongeza risasi kwa tembo ambaye sote tulimwona amekufa, na ndivyo inavyotakiwa kwa mnyama yeyote hatari. Mkaribie kutoka nyuma, gusa jicho kwa ncha ya fimbo ndefu au ya mtutu.

Kisu Kikali

Mimi ni wa nyama. Ufuatiliaji ukichukua saa nyingi, nyama nayo inaharibika. Mnyama wa kilo 600 hubaki na joto karibu na mfupa wa paja muda mrefu baada ya kufa, na uozo huanzia hapo wakati nje panaonekana sawa. Toa matumbo mara moja, chuna ngozi, fungua mapaja hadi mfupani hewa ipite.

Wenye risasi za kawaida, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi ambayo ni sumu, kateni nyama kwa upana kuzunguka jeraha. Vipande vidogo visivyoonekana husambaa mbali na tundu. Nimehamia shaba tupu, na jimbo la California lilipiga marufuku madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019.

Na ukimkuta mnyama uliyekuwa ukimfuata amekufa bila jeraha lako, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na kwenye tundu la haja, usimpasue. Huo unaweza kuwa kimeta. Ondoka, toa taarifa.

Mgeni Porini

Wakuu, nimejifunza mengi. Mimi ndiyo naanza. Nina bunduki mpya, na nimefanya mazoezi kadhaa ya shabaha nikiwa nimeegemeza bunduki mezani. Nianze na nini ili nisimjeruhi mtu... samahani, mnyama?

Nyayo Mbichi (mleta mada)

Karibu sana, mdogo wangu. Na mtu pia asijeruhiwe: mkifuata damu, kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi, mfuata nyayo asiwe kamwe mbele ya mtutu wako, na begani uwe na kamba ya kubana mshipa unaovuja, unayojua kuifunga kwa mkono mmoja.

Kisha toka mezani. Porini hakuna meza. Tengeneza fimbo tatu zilizofungwa juu, weka bunduki hapo, simama, piga kwa mita 50 halafu 100. Baada ya kila risasi vuta boliti bila kushusha bunduki begani, hata kama shabaha imeshaanguka. Mazoezi mengi fanya bila risasi, au kwa bunduki ndogo ya .22, ili bega lisijifunze woga. Baadaye piga bila fimbo, kwa haraka, mita 15, kwa sababu risasi ya pili kichakani inapigwa umbali huo.

Na mwombe mwenyeji wako akupeleke kufuata nyayo bila bunduki. Fuata mnyama mzima asubuhi nzima, uone anageuka wapi upepo ukibadilika, analala wapi jua likiwa kali. Ukishamjua akiwa mzima, utaona haraka anapofanya jambo lisilo la kawaida, kama dume anayeliacha kundi ghafla akaenda peke yake kwenye kivuli kizito. Huyo ameumia sana.

Wakuu, chui hatujamgusa, na kumfuata chui aliyejeruhiwa ni kazi nyingine kabisa: bunduki ya marisau, shingo iliyofunikwa, mwanga wa mchana tu. Aliyewahi kuifanya atuandikie kirefu.