Likizo ya theluji Alps kwa bajeti ndogo: Brixental, Livigno au Kranjska Gora?

Mama Neema, Nürnberg

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za baridi. Msimu ujao mimi na baba watoto tumekata shauri kuwapeleka watoto Alps wakajifunze kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji. Neema ana miaka 9, mdogo wake 5. Kila likizo ya Fasching, ile kanivali ya kabla ya Kwaresima, ikiisha, nusu ya darasa la Neema hurudi na habari za mlimani, naye hukaa kimya akisikiliza. Linaniuma, nasema kweli.

Sote wanne hatujawahi kugusa skii. Tuna gari dogo na euro 2,000 za kila kitu, kuanzia mafuta ya gari mpaka chai. Likizo za shule za Bavaria zimetufunga: ama wiki ya Fasching mwezi Februari, ama Pasaka, ambayo 2027 inaangukia mapema, tarehe 28 Machi. Nimebaki na majina matatu: bonde la Brixental huko Tirol, Austria, Livigno Italia, na Kranjska Gora Slovenia. Wenye uzoefu, hela huwa inaishia wapi hasa? Tovuti zote zinanionyesha bei ya chumba tu.

Mpishi wa Tirol

Dada, karibu sana huku kwetu. Mimi niko jikoni kwenye hoteli moja ya bonde hilohilo la Brixental. Familia kama yenu naziona kila wiki, na naona pesa zao zinapopotelea: kwenye tiketi ya lifti. Eneo letu la kuskii, SkiWelt, lina zaidi ya kilomita 250 za njia za kuteleza, na tiketi ya siku ya mtu mzima imeshavuka euro 70. Kwa anayejua, ni sawa. Anayeanza, siku za kwanza zote yuko kwenye kilima kimoja chenye mkanda wa umeme unaompandisha taratibu. Anaanguka, anainuka, anapanda tena. Kilomita 250 za nini? Vilima vya mazoezi vina tiketi zake za bei ndogo. Pale Westendorf kilima hicho ni kipana na kiko kijijini kabisa, mzazi anakaa pembeni akiwaona wanawe. Wa miaka 5 lifti hatozwi, wekeni tu kitambulisho chake mfukoni.

Hela ziwekeni kwenye shule. Andaeni kama euro 300 kwa kila mtoto kwa darasa la kikundi la siku tano. Madarasa huanza Jumapili au Jumatatu, kwa hiyo ukifika Jumanne umemtupa mtoto katikati ya wenzake waliokwisha jua kusimama. Wazazi nanyi chukueni mwalimu angalau mwanzo. Mume kumfundisha mke kwenye theluji, hapana, nimeona ndoa zikitetemeka pale chini ya lifti.

Hoteli achaneni nayo. Tafuteni nyumba ya mkulima yenye jiko, au laleni Hopfgarten ama hata Wörgl, mbali kidogo na lifti. Kuna treni bondeni, na kadi ya mgeni mnayopewa na mwenye nyumba huwasafirisha.

Mkenya wa Zürich

Naheshimu maneno ya Mpishi, lakini Fasching ni kati ya wiki ghali zaidi. Wabavaria na Waaustria wenyewe wanakutana bonde moja. Mama Neema, mimi ningekwenda Pasaka, na Pasaka maana yake ni Livigno. Mji wenyewe uko mita 1,816 juu ya bahari, na njia zake huendelea kufunguliwa mpaka mwisho wa Aprili. Söll, kijiji cha SkiWelt, iko mita 700 tu; mwisho wa Machi unaweza kukuta kilima cha mazoezi kimegeuka malisho ya ng'ombe. Mashine za kutengeneza theluji zipo, ila nazo zinataka baridi.

Livigno haitozi VAT, kwa hiyo mafuta ya gari ni rahisi, na glavu na miwani ya watoto utapata kwa bei nzuri. Chumba na shule lakini havishuki sana, usije ukadhani kila kitu ni nusu bei.

Na sheria za Italia zijueni mapema. Tangu Januari 2022 kila anayeskii lazima awe na bima ya kulipa madhara atakayomfanyia mwingine, na tangu Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa watu wa rika zote. Walio Ujerumani wengi tayari mna bima ya namna hiyo ya familia. Uliza kama inafanya kazi nje ya nchi, halafu beba karatasi yake.

Mama wa Villach

Mbona Slovenia inapitwa? Niko Villach, kusini mwa Austria, na Kranjska Gora ni ng'ambo ya mlima tu, na watoto wangu wote wamejifunzia pale. Miteremko mipole inaishia mjini kabisa, unatoka kwenye nyumba umeshika skii mkononi. Pesa ni euro, chakula cha mgahawani familia inaweza kumudu, na walimu wengi wanasema Kijerumani. Neema ataelewa kila kitu.

Ubaya wake nao nautaja: mji uko mita 810 tu. Januari na Februari, sawa. Pasaka sikushauri kabisa. Na kwa wa kutoka Nürnberg, ongezeni ada za barabara: stika ya Austria, handaki la Tauern linalolipiwa peke yake, handaki la Karawanken nalo peke yake, kisha stika ya Slovenia. Ukijumlisha kwenda na kurudi, ile nafuu ya chumba imeshapungua.

Baba Salim, Leicester

Assalaam alaykum. Tunaosafiri na pasi za Tanzania kutoka Uingereza tusisahau viza ya Schengen: euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya hapo bure. Familia yangu ya watu watano hiyo ni pesa ya kuhesabu kabla ya theluji yenyewe. Je, chakula cha halali kinapatikana huko bondeni?

Mpishi wa Tirol

Wa alaykum salaam Baba Salim. Vijijini ni shida, na hotelini nguruwe yumo kwenye vyakula vingi, nakwambia kutoka jikoni kwenyewe. Wörgl na Innsbruck kuna maduka ya Waturuki yenye nyama ya halali. Nunueni mkiwa njiani, mpike wenyewe. Hii iwafae nyote: Jumamosi maduka ya Austria hufungwa saa 12 jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi. Anayefika Jumamosi usiku bila unga wala mchele atalala na njaa au atalipa bei ya mgahawa.

Mkenya, kuhusu Livigno wakati wa Pasaka nakubaliana nawe kwa theluji. Ila umesahau njia. Kutoka Nürnberg wanapita barabara ya mlimani ya Fernpass, kisha Uswisi, kisha handaki la Munt la Schera, ambalo magari hupita kwa zamu upande mmoja, na Jumamosi foleni yake si ya kuchezea. Mtoto wa miaka 5 kwenye gari dogo siku nzima, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kilima cha mazoezi?

Mkenya wa Zürich

Wasafiri katikati ya wiki, na tiketi ya handaki wanunue mapema mtandaoni. Lakini sawa, darasa la Jumatatu hapo linaharibika. Hoja yako naipokea.

Kuna jambo la Neema nataka kuliongeza. Mwambieni habari za Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi 1998, akahamia Austria akiwa mdogo, akajifunza kuskii huko, na 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Binti yangu alipoona picha yake alibadilika uso. Mtoto anayekuwa peke yake mweusi kwenye darasa la theluji anahitaji kujua kwamba mlima ni wake pia.

Papa Trésor, Lyon

Jambo wandugu. Kwa walio Ufaransa: miji mikubwa ya juu kama Val Thorens ina theluji ya uhakika ila bei inauma. Sisi tunapenda vijiji vya bonde la Maurienne, Aussois hasa. Angalieni kanda za likizo za shule. Wiki Paris inapokuwa likizoni, bei hupanda. Apatimenti hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, ni ndogo sana, na mara nyingi mashuka na usafi wa mwisho unalipia mbali. Soma mkataba mpaka chini.

Dada Muuguzi, Innsbruck

Mmezungumza bei zote mkaacha iliyo kubwa. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya itakuhudumia hospitali ya umma, lakini haimlipii mtu kushushwa kutoka mlimani. Helikopta huku ni maelfu ya euro, na bili inakuja nyumbani kwa jina lako. Nimewaona watu wakilia kwa bili kuliko kwa mguu uliovunjika. Uanachama wa klabu ya milima ya Austria, Alpenverein, unagharimia uokoaji hadi euro 25,000 kwa mtu, na familia hupata bei ya pamoja. Fanyeni hilo kabla ya kulipia chumba.

Nguo msinunue mpya. Oktoba na Novemba vilabu vya skii vya Bavaria hufanya minada ya vifaa vilivyotumika, na mitumba ya suruali za theluji iko safi kabisa. Skii na buti kodisheni. Helmeti tu ndiyo msinunue iliyotumika, hamjui imegonga nini.

Mama Neema, Nürnberg

Mungu awabariki, mmenifungua macho. Nimepiga hesabu upya: shule ya watoto wawili 600, kukodi vifaa vya wanne kama 350, nyumba yenye jiko Hopfgarten kwa Fasching 700, inabaki 350 ya mafuta, chakula, uanachama na tiketi za kilima. Inabana. Baba watoto anasema tuache gari, tiketi zetu za mwezi za treni Ujerumani zinafika mpaka Kufstein, mji wa Austria ulio mpakani. Mnaonaje?

Mpishi wa Tirol

Baba watoto yuko sahihi. Kutoka Kufstein mnanunua kipande kifupi tu, mnabadilisha Wörgl. Bebeni pasi na vibali vya ukaazi vya wote wanne, kwa sababu polisi wa Ujerumani hukagua treni zinazorudi. Ili msibanwe, darasa lenu wazazi liwe la siku moja, na mchele, unga na maharage mtoke navyo nyumbani. Nyumba ya Fasching iwekeni sasa hivi. Ikifika Desemba zilizobaki ni zile za bei ya juu.

Dada Muuguzi, Innsbruck

Na soksi: jozi moja tu kwenye buti, nyembamba, ndefu mpaka magotini. Ukimvisha mtoto mbili zinakunjana, damu haipiti vizuri, na mguu ndiyo unazidi kuwa baridi.