Laki sita na nusu ya "shifti kiti", kumbe wamekaza kebo tu! Wenye Chaser, Mark II na Crown za zamani someni

Wakuu salaam. Huu uzi ni mrefu na umejaa hasira, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Nina Chaser JZX90 ya 1995, injini 1JZ-GE isiyo na tabo, otomatiki ya gia nne. Giaboksi ni ile A340E ya Aisin, ngumu kama mnavyoijua, ndugu zake wako mpaka kwenye Hilux Surf. Gari nzima, oil nabadilisha kwa wakati, haivuji. Nilichotaka ni kimoja tu: gia ziingie haraka na kwa uhakika, hasa ya pili kwenda ya tatu ukiwa umekanyaga, maana pale ilikuwa inajivuta vuta kwanza ndipo ishike.

Nikaenda gereji moja hapa Dar yenye sifa mtandaoni, siitaji jina. Fundi mkuu akaniambia, "Boss, hiyo dawa yake ni shifti kiti, tunazo." Kiti 450,000, ufundi 200,000. Nikaacha gari asubuhi. Kabla ya adhuhuri simu inaita: gari tayari.

Kabla ya adhuhuri, wakuu! Ngoja niwaeleze shifti kiti ni kitu gani, ndipo mtaelewa kwa nini nimepandwa na mori.

Giaboksi ya otomatiki haiingizi gia kwa kusogeza meno kama ya manyuali. Ndani kuna pakiti za klachi na bendi za breki, zinashikwa na presha ya oil. Oil hiyo inagawiwa na valvu bodi, bamba la alumini lenye vijia vingi na vivalvu vyenye springi. Kiwandani Toyota waliweka ulaini wa makusudi ili abiria wa nyuma asijue gia imebadilika saa ngapi. Kuna vitu vinaitwa akumuleta, pistoni ndogo zenye springi, kwenye hii yetu ziko nne: C0, B0, C2 na B2 (hayo ni majina ya klachi na breki zinazozihudumia). Kazi yake ni kumeza sehemu ya presha pale gia inapobadilika ili klachi ishike taratibu. Na klachi inaposhika taratibu maana yake inateleza kidogo kwanza, na pale inapoteleza ndipo joto linapozaliwa na klachi inapoliwa.

Shifti kiti ya kweli inagusa humo humo. Springi za akumuleta na ya valvu ya kurekebisha presha zinabadilishwa, na baadhi ya matundu kwenye lile bati jembamba linalokaa ndani ya valvu bodi yanapanuliwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Oil inafika kwenye klachi haraka na kwa nguvu, inashika mara moja. Kule Marekani hata wenye magari ya kukokota trela wanaifunga, na hawana habari ya mbio, wanataka klachi zisiungue tu. TransGo wa California wana kiti za A340 miaka mingi. Si uchawi, ni kitu kinachojulikana.

Sasa hivyo vyote viko wapi? Chini, juu ya sampo ya giaboksi (lile bakuli la oil). Unamwaga oil, unafungua boti zote za sampo, unaibandua (imegandishwa kwa gundi, haitoki kirahisi), unatoa fita, unashusha valvu bodi, akumuleta unazitoa kwa upepo wa kompresa, halafu unarudisha kila kitu bila kupoteza hata kagololi kamoja ka ndani ya bodi. Fundi msafi na makini hiyo ni siku yake nzima. Hawa wameimaliza kabla wapiga debe hawajaenda kula.

Nikachukua gari. Ukitoa P ukaweka R linaruka kama limegongwa kwa nyuma. Kwenye foleni ya Ubungo, mguu mwepesi kabisa, gia ya pili inaingia kwa kishindo mpaka vitu vya kwenye deshibodi vinahama. Sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) imepanda. Lakini nikipata barabara nyeupe nikakanyaga mpaka mwisho, hamna kitu! Gari ni zito kuliko lilivyokuwa. Nikapiga simu. Jibu: "Boss hiyo ndiyo raha ya shifti kiti, utazoea."

Sikuzoea. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa giaboksi tu, hashiki kitu kingine. Hata jeki hakuomba kwanza. Akafungua boneti, akamwambia kijana wake akanyage mafuta mpaka chini, akainama kwenye troto (kile kilango cha hewa ya injini kinachofunguka ukikanyaga mafuta) akaanza kucheka.

Wenye hizi A340 za zamani mnajua kuna kebo inatoka kwenye troto inashuka mpaka giaboksi, wengi wanaiita kebo ya kikidauni. Ile ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, na presha ya oil inapanda kufuata kebo hiyo. Kwenye waya wake kuna kidundu cha chuma. Kipimo cha Toyota ni kwamba ukikanyaga mpaka mwisho, nafasi kati ya ncha ya mpira wa kebo na kile kidundu iwe 0 hadi 1 mm. Yangu kidole cha mwisho kinapita. Nati mbili za kwenye breketi zina alama mpya za spana, zinang'aa, wakati kila kitu kuzunguka pale kina vumbi la miaka. Walivyoikaza kebo, imefika mwisho wake kabla troto haijafunguka yote! Ndiyo maana gari halikimbii. Nimelipa laki sita na nusu nipunguziwe nguvu.

Akaingia chini na tochi. Boti za sampo zina ule uchafu mgumu wa oil na vumbi, haujaguswa na spana hata mmoja. Gundi ni ile ile kavu ya zamani. Akavuta dipstiki, oil ile ile ya kahawia niliyoenda nayo. Yaani sampo haijashushwa.

Na hapo ndipo nikakumbuka mfuko. Gereji walinipa kimfuko cha nailoni chenye "springi zako za zamani boss, tumekutolea". Nikamwonyesha mzee. Springi zina KUTU. Wakuu, kitu kinachokaa ndani ya oil ya giaboksi miaka yote kinapataje kutu? Moja ni nene kiasi kwamba hata mimi nisiye fundi naona haiwezi kuingia kwenye valvu bodi yoyote. Wana ndoo ya springi chakavu mahali, wanachotea wateja.

Kuna mtu ataniambia "si gia zimekuwa ngumu? Ulitaka nini tena?" Mkuu, kebo inapandisha presha ya jumla tu. Lini gia ibadilike inaamuliwa na kompyuta kupitia solenoidi (vivalvu vya umeme), kebo haina kauli hapo. Kwa hiyo gia haikuingia mapema hata kidogo, imeingia kwa hasira, tena muda wote, hata ukiwa unaegesha. Krosi za propela na maunti za giaboksi ndizo zinazolipa. Kiti ya kweli inashughulikia ule mshiko wenyewe wa gia kubadilika, ukiendesha kistaarabu gari linabaki la kistaarabu.

Na nyie mnaokimbilia kuchezea kebo zenu baada ya kusoma hapa, taratibu. Ikilegea kuliko kipimo ni balaa kubwa zaidi: presha inashuka, gia zinaingia laini unafurahia, kumbe klachi zinateleza na kuungua. Rudisha kwenye kipimo, basi. Ukitaka uhakika fundi afunge geji ya presha kwenye tundu la kupimia ubavuni mwa giaboksi. Asiye na geji asikuguse.

Wenye Mark X msinicheke. Zenu za gia sita hazina kebo hiyo, presha inaamuliwa na solenoidi ya umeme, na ikikosa umeme giaboksi inapandisha presha mpaka juu kujilinda. Mzee kaniambia ameshaletewa gari iliyochomolewa soketi na taa ya cheki injini kufichwa kwa selotepu, mwenye gari ameambiwa ni "programu ya michezo". Ni wizi ule ule umevaa suti.

Nilirudi gereji. Mwenye mali ananiambia kila gereji ina namna yake ya kufunga shifti kiti. Namna ipi bila kushusha sampo? Nikaomba boksi la hiyo kiti, karatasi ya maelekezo, chochote. "Vilitupwa." Akaniofa kurudisha kebo ilivyokuwa, BURE. Bure! Risiti yenyewe ya mkono, imeandikwa "shift kit + fundi" na mhuri, ya EFD waligoma kutoa "mtandao unasumbua". Hiyo nayo TRA wataisikia. Na nimeambiwa kulipia mteja huduma ambayo hujafanya ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, kwa hiyo barua naandika, picha za boti na nati nimepiga zote kabla mzee hajagusa kitu.

Mkuu uliyeniuliza inbox kama bado nataka kiti: ndiyo, nataka, naagiza mwenyewe na itafungwa mbele ya macho yangu. Kwanza mzee atafanya stoli test, yaani kushika breki na kukanyaga mafuta gari likiwa kwenye gia kuona kama klachi zinateleza (sekunde tano tu, zaidi ya hapo unachemsha oil), na kushusha sampo aangalie kama kuna unga wa klachi. Klachi zikiwa zimekwisha hakuna kiti itakayozifufua, na hilo fundi wa kweli angeniambia siku ya kwanza kabla ya kuchukua hela.

Sasa ombi langu. Kama umewahi kufungiwa "shifti kiti" Dar ukapewa kimfuko cha springi zenye kutu, weka picha hapa chini. Nataka kujua kama ni zile zile zinazungushwa kwa kila mteja.