Naomba ushauri: kifimbo cha kutafutia chuma kinalia hata kwenye udongo mtupu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi. Detekta yangu kubwa (mashine ya kutafutia chuma ardhini) inaonyesha eneo tu, nikishachimba nabaki kuchambua udongo kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Nikajitengenezea kifimbo: feraiti (kile kijiti cheusi cha antena ya ndani) ya redio mbovu, waya wa shaba mizunguko 100, betri ya volti 9, vyote ndani ya bomba la plastiki. Hewani kinashika sarafu ya shilingi 200 kwa sentimita 3, nikafurahi. Kikigusa udongo wetu huu wa volkano, wenye chuma chake, kinalia tu. Nilikizungushia foili ya jikoni, kikawa bubu kabisa. Fundi redio mmoja anasema ncha za foili zisikutane, niache mwanya. Ni kweli? Na mizunguko nipunguze, au niongeze?