Rivolva ya shabaha: .357 au .44 Magnum?

Mlenga_Mafinga
Kamwene wakuu. Naombeni ushauri kwa mnaozijua rivolva, zile bastola za silinda inayozunguka, hasa mnaopiga shabaha ya karatasi. Nipo Mafinga, kazi yangu mbao, shotigani ya marehemu baba nilishahamishiwa kihalali siku nyingi na mwaka huu nimekubaliwa bastola moja. Moja tu, ndo maana sitaki kukosea. Kuna duka Dar nimeshika tatu: Smith & Wesson 686 ya .357 Magnum (namba ni upana wa risasi kwa inchi, kwa makadirio, na Magnum ni risasi ya nguvu kubwa) mtutu inchi 6, Ruger GP100 nayo .357 ila mtutu inchi 4 na kidogo, halafu Smith & Wesson Model 29 ya .44 Magnum inchi 6 na nusu, imetumika lakini safi sana, ile rangi nyeusi ya kibluu inang'aa mpaka unajiona. Kusema ukweli roho imebaki kwenye hiyo 29. Muuzaji kaniambia kama mkono una nguvu .44 ndo mwisho wa yote, na mimi nabeba mbao tangu mdogo, mkono upo. Nitalenga mita 25, mara moja au mbili kwa mwezi nikipata nafasi uwanjani. Ingekuwa nyie mngechukua ipi?

Mzee_wa_Isyesye
Kamwene kijana wangu. Huyo muuzaji kakuongelea nguvu, na shabaha haiulizi nguvu. Mimi nilianza na .44 hivyo hivyo, mkono ninao, kifua ninacho, na kila nikipiga risasi zinaangukia chini kushoto. Nikasema saiti mbovu, vile vidude vya kulengea juu ya mtutu, nikazirekebisha, wapi. Siku moja jamaa yangu tuliyekuwa naye uwanjani akaniomba rivolva, akageuka pembeni akachanganya risasi nzima na maganda yaliyokwishapigwa, akanirudishia bila kuniambia ipi iko wapi. Nikalenga, nikavuta triga, nyundo ikagonga ganda tupu, ta! Hakuna moshi hakuna mlio, lakini mtutu mbele ya macho yangu ukainama kama upana wa vidole viwili. Nikabaki naduwaa. Kumbe siku zote nilikuwa nausukuma chini mwenyewe kabla risasi haijatoka, mwili unausubiri ule mshindo na kuuwahi. Ilinichukua miezi mingi kuiacha hiyo tabia na sitaki uanzie huko.

Angalia tofauti ilivyo. .44 Magnum inasukuma risasi ya gramu 15 na nusu hivi kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. .357 ni kama gramu 10, inakaribia mita 380. Sasa utamu wa .357 ni huu, unaweza kuilisha .38 Special, risasi ile ile ya gramu 10 lakini inatoka kama mita 240 tu, mkononi inakupiga kofi dogo unaendelea kuangalia saiti zako. Upana wa risasi ni mmoja, milimita 9.07, ila ganda la .357 ni refu kwa milimita 3 na kitu. Smith & Wesson walipoileta 1935 ilirefushwa makusudi ili isije ikaingia kwenye rivolva za .38 za zamani ambazo zisingehimili presha yake. Kwa hiyo .38 inaingia kwenye .357, kinyume chake usijaribu kabisa.

Na kama una ndoto za mashindano, lile shindano la bastola la kimataifa la mita 25, senta faya, linaruhusu kaliba (upana wa risasi) kuanzia milimita 7.62 hadi 9.65. .44 ina karibu 10.9, iko nje tayari. Chukua 686.

Njombe_Baridi
Mzee heshima yako ila .44 unaionea. Nayo ina mdogo wake, .44 Special, unaipiga kwenye Model 29 bila shida na ni laini tu. Tena chuma chenyewe kina karibu kilo 1.4, kinameza teke. Mtu roho yake imependa mwache achukue.

Mzee_wa_Isyesye
Ni kweli kabisa kuhusu .44 Special mwanangu, sibishi. Ninachomwomba aulize kwanza ni risasi, chuma baadaye. Aende pale dukani aulize .44 Special mnayo, mnaleta mara ngapi, boksi bei gani, halafu aulize hivyo hivyo .38. Pia aangalie kibali chake kinamruhusu kaliba gani na risasi ngapi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 sio ya kuchezea. Bastola nzuri isiyo na risasi ya mazoezi utaipaka mafuta tu kila Jumamosi.

Dada_Tukuyu
Shikamoo mzee wetu. Kaka Mlenga mimi napiga GP100 kwahiyo nisikilize na mimi kidogo. Kuna jambo hawajakwambia nalo ni hali ya hewa yetu. Huku Rungwe mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati, na Mafinga asubuhi ya mwezi wa sita na nyie mnajua. Ile Model 29 inayong'aa ukiigusa na jasho la kidole ukaiweka, baada ya siku chache alama ya kidole inakuwa kutu, nimeiona kwa macho yangu kwenye bastola ya kaka yangu, mistari ya kidole gumba inasomeka kabisa pale juu ya silinda. Na ngozi ni mbaya zaidi, usilaze bastola kwenye ala ya ngozi maana inashika unyevu. 686 ni stenlesi, GP100 nyingi pia ni stenlesi. Nayo inashika kutu ukiitupa ila inakuvumilia.

Halafu ukipiga .38 sana kwenye .357 safisha vyumba vya silinda kila ukirudi. Pale lilipoishia ganda fupi panajenga duara la masizi magumu, siku ukitaka kuingiza .357 haiingii mpaka mwisho, inabaki imechungulia. Tumia brashi ya shaba na uvumilivu, usiigonge.

Kwenye kuchagua kati ya hizo mbili, GP100 ni ngumu haswa, fremu yake haina kile kifuniko cha pembeni kama cha Smith. Lakini triga ya 686 ni laini zaidi kwa ilivyotoka kiwandani, na inchi 6 inaziweka saiti ya mbele na ya nyuma mbali zaidi moja na nyingine, kosa dogo la mkono unaliona kabla hujapiga. Kwa karatasi ya mita 25 ningechukua hiyo. Mimi nilichukua GP100 kwa sababu ya mpini, vidole vyangu vifupi. Kwahiyo rudi dukani ushike tena, kidole kifike kwenye triga bila kuupinda mkono.

Na tafadhali masikio. Sauti ya .357 inapita desibeli 160 na sikio linaumia kuanzia 140, vaa vya kuziba ndani na vya kufunika juu, vyote viwili. Miwani pia. Vidole visikae pembeni ya silinda hata kidogo, pale mbele inapokutana na mtutu kuna mwanya unatoa gesi ya moto na chembe za risasi.

Mlenga_Mafinga
Asanteni sana, mzee na dada, ndaga fijo. Jana nimempigia muuzaji. .44 Special hana na hajui lini ataleta, .38 anazo. Nimemuuliza pia Colt Python maana naisikia imerudi sokoni tangu 2020, akanitajia bei nikanyamaza.

Ila kilichonishika ni hayo maganda matupu ya mzee. Leo jamaa mmoja mwenye .357 kanikubalia uwanjani, nikamwomba anichanganyie. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri, ya pili ikatoka, ya tatu ikawa ganda tupu, ta. Mtutu ukainama. Na hiyo ni .38 wakuu, wala sijagusa Magnum. Nimeweka oda ya 686. Mzee, ule mshtuko uliutoa kwa zoezi gani hasa?

Mzee_wa_Isyesye
Kila siku nyumbani, silinda tupu umeihakiki mara mbili, risasi ziko chumba kingine umefungia. Weka sarafu bapa juu ya mtutu nyuma ya saiti ya mbele, lenga ukuta, vuta triga taratibu. Sarafu isianguke. Ukifika mara 20 mfululizo njoo unitafute Mbeya twende uwanjani.